Aliulizwa Mume Wangu

Kiti cha daktari kilikuwa cha magurudumu, cha kuzunguka kila upande, na siku ile hakikunigeukia hata mara moja. Nakumbuka kiti hicho kabla sijakumbuka maumivu yenyewe. Nilikuwa nimeketi kwenye ukingo wa kitanda cha kupimia wagonjwa, nyuma ya pazia la kijani lililofungwa nusu, nimejikunja na kushika tumbo kwa mikono miwili. Kupitia mwanya wa pazia niliona bega la daktari na sikio lake moja, na mbele yake mume wangu, ameketi kwa adabu kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Walikuwa wakizungumza habari za mwili wangu.

"Mzee, mama anaumwa wapi?" daktari aliuliza.

"Tumbo, daktari. Huku chini. Nauma, nabanda, nafika mbaka bega."

"Bega?"

"Bega, wallahi. Mimi hata nashangaa."

"Anabeba maji?"

"Mitungi, ndiyo. Maji kwetu nakatika kila siku."

"Basi hiyo ya bega ni misuli," daktari alisema, akaandika.

Mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Garissa. Naomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwa sababu mimi mwenyewe sijaweza kulitoa. Kiswahili ndicho kinachonilisha. Nawasahihishia watoto insha, nawafundisha kutenganisha "paka" na "baka", nawakaripia wakisema "kitabu yangu". Mume wangu ni mfanyabiashara wa mbuzi na kondoo, na Kiswahili chake ni cha sokoni, kinachotosha kuuzia mnyama na kulipia dizeli. Lakini yeye ndiye aliyeketi mbele ya daktari, na mimi, niliyejifunika buibui hadi machoni, ndiye niliyewekwa nyuma ya pazia nitafsiriwe.

Nilijaribu. Nilisema kwa sauti, "Daktari, mimi nazungumza Kiswahili. Niulize mimi."

Daktari alicheka kwa upole. "Ah! Mama anajua Kiswahili! Vizuri sana," alisema, akimwambia mume wangu. Kisha akaendelea kumuuliza yeye.

Sitaki mtu adhani daktari yule alikuwa mkali au mwenye dharau. Laiti angekuwa hivyo, ningejua nichukie nini. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye sauti ya taratibu, na alikuwa amekaa kaskazini mashariki muda wa kutosha kujua salamu zetu. Kabla ya kuja kwenye hospitali hiyo ndogo ya binafsi, ambayo jina lake nitaliacha, alikuwa amefanya kazi Takaba. Alimsimulia mume wangu pale pale, mimi nikisikiliza, jinsi mwenzake mmoja huko alivyokabwa shati na ndugu wa mgonjwa kwa sababu alimpima mwanamke tumbo bila kuomba ruhusa kwa mwenyewe. Mwenyewe hapo maana yake ni mume. Tangu siku ile alijifunza, alisema. "Mimi naheshimu desturi zenu, mzee. Mke wa mtu simgusi ovyo." Mume wangu alimshukuru hadi akamwombea dua.

Basi ikawa hivi. Ilipofika wakati wa kunipima, daktari hakuinuka. Alimwambia mume wangu apite nyuma ya pazia anibonyeze tumbo, yeye awe anamwelekeza kutoka kitini.

"Bonyeza chini ya kitovu, mzee. Kulia. Anaumia?"

Mume wangu ana mikono inayosifiwa soko zima la mifugo. Akimshika kondoo kiunoni anakwambia ana mafuta kiasi gani, na akimpapasa tumboni anakwambia kama amebeba, na hakosei. Lakini mimi aliniwekea vidole juu ya buibui kama anayegusa kifuniko cha sufuria ya moto, akageuza uso pembeni. Alikuwa anaogopa kuniumiza, na alikuwa anaona haya kwamba mwanamume mwingine yuko hatua chache kutoka hapo. Hata kwa mguso huo mdogo nilihisi kitu ndani kikivutwa kama uzi, nikashika mkono wake nikausukuma.

"Kidogo," mume wangu alijibu. "Naumia kidogo."

"Si kidogo!" nilisema.

"Mama, tulia," daktari alisema. "Wengi wenu mnaogopa hospitali. Hakuna kitu kibaya hapa."

Ni kweli nilikuwa naogopa, lakini si hospitali. Niliogopa kilichokuwa ndani yangu. Nilikuwa na binti mmoja, na baada yake miaka mingi ya kungoja. Mwezi huo nilikuwa nimechelewa, nami nilikuwa nimeficha jambo hilo kwa furaha, nikipanga kumwambia mume wangu siku ya Idi. Kisha katikati ya Ramadhani nikaona damu. Haikuwa ya kawaida. Ilikuwa nyeusi, matone tu, inakuja na kupotea. Sikujua kama ni hedhi au ni ile damu nyingine ambayo wanawake huulizana kwa kunong'onezana kama inabatilisha swala au la. Kwa tahadhari niliacha kufunga, nikakunja msala wangu wa kuswalia nikauweka juu ya kabati.

Na mume wangu aliuona. Nyumbani kwetu hedhi haina jina. Mama mkwe haitaji, mume wangu haitaji, mimi pia siitaji mbele yao. Msala ukikunjwa ukawekwa juu ya kabati, kila mtu ameelewa, na ukishuka, kila mtu ameelewa tena. Sijawahi kuona ubaya wa desturi hiyo. Inakupa mapumziko bila kukuuliza maswali.

Mume wangu aliporudi kitini, daktari aliuliza, "Mzee, hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini?"

Nilisikia kiti cha mume wangu kikilia. Alikohoa. Nadhani hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza swali la namna hiyo tangu azaliwe.

"Ile ya wanawake?" alisema kwa sauti ya chini. "Wiki hii, daktari. Nakuja wiki hii. Haswali."

"Kwa hiyo si mjamzito."

"Hapana, hapana. Haswali."

Nilihisi baridi, katika joto lile la Garissa ambalo hata feni ilikuwa inatupulizia upepo wa moto. Nilimwambia kwa Kisomali, kutoka nyuma ya pazia, "Mwambie haikuwa hedhi. Mwambie ni damu nyeusi. Mwambie nilikuwa nimechelewa." Kisha nikasema kwa Kiswahili, "Daktari, hiyo si hedhi!"

"Mama, ngoja kidogo mzee amalize," daktari alisema. "Anasema nini, mzee?"

Nilimjua mume wangu vya kutosha kujua kwamba masikio yake yalikuwa yamepata moto. Maneno niliyompa hayakuweza kupita kwenye kinywa chake mbele ya mwanamume mgeni. Akatafuta mengine.

"Anasema nauma tu," alijibu.

Nilisema tena, na safari hii sauti yangu ilipasuka, nikawa nalia. Mwanamke akilia katika chumba cha daktari maneno yake huwa yameisha thamani. Daktari alimweleza mume wangu kwamba ni vidonda vya tumbo, kwamba Ramadhani huleta wagonjwa wa namna hiyo kila siku, kwamba nipunguze viungo na wasiwasi. Aliandika dawa ya vidonda na dawa ya kuchua bega. Mume wangu aliikunja karatasi kwa furaha. Tulipotoka nje alinishika kiwiko, akaniingiza kwenye tuktuk kama yai, akasema, "Umeona? Ulsa tu. Alhamdulillahi."

Nilimwambia yote njiani, tukirudi mtaani kwetu Waberi, kwa lugha yetu, bila kuficha neno. Nilimwambia kuhusu mimba niliyoidhania. Kisha akasema jambo ambalo wakati ule liliniudhi kuliko yote: "Lakini daktari amesema." Hakusema kwa ukaidi. Alikuwa anajishikilia hapo. Kama daktari amesema ulsa, basi mkewe hafi, na yeye alikuwa anataka sana mkewe asife. Nilimhurumia na kumkasirikia kwa pamoja, na hofu ikabaki yangu peke yangu.

Usiku ule sikulala chali, kwa sababu kila nikilala chali bega lilichomwa. Niliegemea ukuta. Asubuhi mume wangu alikuwa na safari ya Hagadera, kuna mtu wa kambi ya wakimbizi ya huko aliyekuwa amemwekea mbuzi. Aliniuliza kama abaki. Nilimwambia abaki. Aliangalia chupa ya dawa, akaniuliza kama nimekunywa, nikasema ndiyo, akasema basi itashika kufikia mchana, na angerudi kabla ya kufuturu. Akaenda. Mama mkwe alinichemshia maji ya tangawizi, akanipaka samli begani, akasoma aya juu ya kichwa changu. Mikono yake ilikuwa imara, tofauti kabisa na ya mwanawe.

Baada ya swala ya adhuhuri niliinuka kwenda chooni, nikaona mlango ukirudi nyuma, unasogea mbali nami. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, na mama mkwe alikuwa ameniegemeza pajani mwake, ananiita kwa jina la utotoni la binti yangu. Midomo yangu ilikuwa imekufa ganzi. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Nilijua. Sijui mtu anajuaje jambo kama lile, lakini nilijua kwamba damu ilikuwa inatoka na haikuwa inatoka nje.

Tuktuk ilitupeleka pale pale, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu. Sista mmoja alinishika mkono, akatazama kope zangu za ndani, akakimbia. Daktari alikuja, na safari hii aliniona, au tuseme aliona rangi ya viganja vyangu. Walinichoma sindano, wakavuta damu tumboni kwa bomba refu, na niliiona ikijaa kwenye bomba, nyekundu nzito. Daktari alisimama pale akiitazama. Nilisikia akimwambia sista kwamba mimba imetunga kwenye mrija na mrija umepasuka, na kwamba lile bega lilikuwa dalili ya damu inayovuja tumboni. Hivyo ndivyo nilivyopata habari kwamba nilikuwa mjamzito. Hakuniambia mimi. Nilisikia tu kwa sababu nilikuwa karibu.

Kisha akaniuliza swali la kwanza aliloniuliza tangu tufahamiane.

"Mama, mzee yuko wapi?"

Nilimwambia yuko njia ya Hagadera. Simu yake ilipigwa, haikupatikana. Ikapigwa tena. Daktari alivua glavu akavaa nyingine. Jasho lilikuwa linamtoka. "Lazima tupasue," alisema, "lakini nahitaji mtu wa kukubali."

"Nakubali," nilisema. "Nipe kalamu."

"Mama, elewa. Ni kizazi. Nikipasua kizazi cha mke wa mtu bila yeye kujua, kesho nitajibu nini?"

"Kesho utajibu kwamba niko hai!"

Nilitaka kupiga kelele lakini pumzi haikutosha, ikatoka kama mnong'ono. Niliona uso wake, na uso ule ulikuwa umejaa hofu kama wangu. Ila yeye alikuwa anamwogopa mume wangu, mtu ambaye hajawahi kumpiga hata punda. Nilikuwa nakufa kwa sababu ya shati la mtu lililokabwa Takaba. Nakumbuka nikiwaza kwamba binti yangu atarudi kutoka madrasa akute nyumba imejaa watu, na hakuna atakayejua kumsuka nywele.

Ndipo macho ya daktari yalipomwangukia mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kona na tasbihi yake. "Huyu ni nani?"

"Mama wa mume wangu."

"Mama mzazi?" Uso wake ulifunguka. "Basi yeye anaweza kukubali kwa niaba yake. Mwambie."

Mama mkwe hajui Kiswahili isipokuwa "sukari" na "ngapi". Sista alikuwa wa bara. Hapakuwa na Msomali mwingine katika chumba kile. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa nimelala na dripu mikono yote miwili, niliyeambiwa kwamba kauli yangu haitoshi, ndiye niliyewekwa kuwa mkalimani.

"Mwambie mimba imeharibika, imepasua mrija, anavuja damu ndani," daktari alisema. Nilimwambia mama mkwe.

"Nani anavuja?" aliuliza.

"Mimi, hooyo," nilimjibu, yaani mama.

"Mwambie tusipopasua sasa hivi atakufa."

"Hooyo, anasema wasiponipasua sasa hivi nitakufa."

Mama mkwe alinitazama kwa makini. Yeye si mjinga, na alikuwa amezika watoto. "Ni yeye anayesema," aliuliza, "au ni wewe?"

"Ni yeye. Na mimi pia nasema."

Alizungusha tasbihi. Kila punje niliisikia. Kulikuwa na giza lililokuwa linaingia kutoka pembeni mwa macho yangu, na nilikuwa nalisukuma kwa nguvu ili nibaki na maneno. "Muulize," mama mkwe alisema, "ukishapasuliwa utazaa tena?"

Nilimuuliza daktari. Alitikisa kichwa. "Sijui. Mwambie sijui. Inategemea nitakachokuta huko ndani."

Nilimtazama mama mkwe. Nilijua vizuri kwamba nikimwambia "hajui", atasema tumsubiri mwanawe, tuulizane, tuite wazee kwenye simu. Angefanya hivyo kwa kunipenda, kwa kutaka jambo kubwa lisiamuliwe na bibi kizee peke yake. Na mimi sikuwa na muda wa wazee.

"Anasema ndiyo," nilimwambia. "Anasema inshallah nitazaa."

Sijutii hata chembe. Mama mkwe alisema bismillah, akanyoosha kidole gumba, sista akakipaka wino, na kwa kidole hicho nikaruhusiwa kuishi. Walipokuwa wanasukuma kitanda nilimsikia akiniombea kwa sauti, na taa za dari zilikuwa zinapita juu yangu moja baada ya nyingine, na nilikuwa nazifuata kwa macho kwa woga kwamba nikiacha kuzitazama zitazimika.

Nilipozinduka, koo likiwa kavu na tumbo limefungwa bandeji, daktari alikuwa amesimama miguuni pa kitanda akimweleza mume wangu. Mrija mmoja umetolewa, uliobaki una makovu. Anaweza kushika mimba, lakini jambo hili linaweza kurudi, na likirudi wasisubiri, waje akichelewa tu siku chache. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kulaumu kidogo, "Mzee, jana uliniambia ana hedhi. Ulinipotosha." Mume wangu aliinamisha kichwa. Vumbi la Hagadera lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Nilikuwa natazama wote wawili na hakuna aliyejua kwamba niko macho.

Mume wangu alilia baadaye, daktari alipoondoka. Alilia kwa kificho, uso kwenye kilemba chake. Majirani waliokuja kunitazama waliambiwa nilikuwa na ugonjwa wa tumbo, na mama mkwe alianza tangu siku ile kuningojea mtoto ambaye daktari hakuahidi.

Watu hudhani hofu huisha jeraha likifunga. Yangu ilianza upya kila mwezi. Nilikuwa nahesabu kwa siri, darasani nikiandika ubaoni nahesabu, nikipepeta mchele nahesabu. Nikisikia kichomi kidogo begani, hata cha kubeba vitabu, mikono inanitoka jasho. Nilikuwa nataka mtoto na nilikuwa naogopa kumpata, na sikuwa na mtu wa kumwambia mambo hayo mawili kwa pamoja.

Mwaka huu, miezi michache baada ya Ramadhani nyingine, msala wangu haukupanda kabatini. Niliswali mwezi ule wote bila kukatisha. Sikusema neno. Nilijiambia labda ni uchovu, labda ni joto, na nilijua najidanganya. Asubuhi moja nilipomaliza alfajiri nikawa nainuka, nilimkuta mume wangu amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Alikuwa anautazama msala, si mimi. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Hedhi haijaja?" aliniuliza.

Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, kwa lugha yoyote. Lilimtoka kwa shida, kama mtu anayetapika. Nilitikisa kichwa. Akaenda kuita tuktuk.

Nilitamani twende kwa daktari mwingine. Lakini anayejua kupasua hapa karibu ni yuleyule, na kama ningepasuka tena, nilitaka niwe mahali palipo na kisu. Kwa hiyo tulirudi kwenye chumba kile, feni ileile, pazia lile la kijani. Nilishika fremu ya mlango kabla ya kuingia. Daktari alitukumbuka. Alitabasamu, akaonyesha kiti cha mbele yake.

"Karibu, mzee. Keti. Mama atapita nyuma ya pazia. Hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini?"

Mume wangu hakuketi.

"Daktari," alisema, "mimi hajui. Ile siku nasema najua, na yeye karibu nakufa. Uliza yeye."

Alikivuta kiti akanisogezea mimi. Kisha akaenda akasimama karibu na mlango, akageukia ukuta, kwa sababu haya yake ilikuwa bado ipo pale pale na hakutaka kusikia nitakavyojibu. Niliona shingo yake imekuwa nyekundu. Halafu magurudumu yalilia kwenye sakafu, na kiti kile kikazunguka.

Nilimwona uso mzima. Alikuwa amechoka, ana chunusi ya kunyoa kidevuni. Mimi niliyekuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miezi yote ile, sentensi kamili zenye nukta na mkato, nilifungua mdomo na kitu kilichotoka ni, "Naogopa."

"Unaogopa nini?" aliniuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia siku, nikamwambia rangi ya ile damu ya mwaka ule ambayo hakuniuliza, nikamwambia kwamba sasa hapaumi popote na kwamba hilo halinipi amani. Aliandika. Akaniomba ruhusa ya kunipima, akaniomba mimi, nikaitoa. Mkono wake ulikuwa baridi. Ulibonyeza kweli, kulia, kushoto, chini ya kitovu, na kila mara aliniuliza, na kila mara nilijibu hapana huku machozi yakiingia masikioni.

Kisha akanipaka ule ute wa baridi, akawasha mashine ya picha. Nilifumba macho. Alisogeza kifaa chake huku na huku, akakirudisha, akakaa nacho mahali pamoja. Nilimsikia mume wangu kule ukutani akisoma dua chini chini, akikosea, akianza upya. Nilikuwa nimeuma ncha ya mtandio wangu.

"Mzee," daktari alianza, kisha akanyamaza. Alikishika kioo cha mashine akakigeuza, polepole, hadi kikanielekea mimi. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "imekaa mahali pake."

Mume wangu hakusikia vizuri. Akiwa bado ameukabili ukuta, aliniuliza kwa Kisomali daktari amesema nini. Nikamtafsiria, neno kwa neno.